Injini Niliyoitetea Bila Kuifungua

Dereva yule alifukuzwa kazi kwa neno langu, na siku nilipolitamka neno hilo sikuwa nimeinua kabini ya lori wala kuvuta stiki ya kupimia oili. Nilikuwa nimekalia tairi bovu nje ya gereji yangu hapa Tukuyu, upande wa kushukia Makandana, nakunywa chai. Mvua ilikuwa imetulia kidogo. Mama mwenyekiti wa kikundi cha wakulima wa Kisondela akaingia, viatu vyake vya mpira vimejaa tope, mwavuli kwapani.

Kikundi hicho kina lori moja la tani saba. Walilinunua likiwa limeshatumika, wakachangishana miaka mingi kulipata. Linabeba ndizi na parachichi zao kwenda Mbeya mara tatu kwa wiki. Injini yake ilipochoka, waliipeleka kwa fundi aliyenifundisha mimi kazi, akaisuka upya. Wakati mama anaingia gerejini kwangu siku ile, kazi hiyo ilikuwa haijafikisha miezi minne.

"Fundi, ugonile," akanisalimu. "Gali letu linakunywa oili."

Kiswahili cha mama yule kimelelewa na Kinyakyusa. Gari kwake ni gali, na hajawahi kuona sababu ya kubadilisha.

"Linavuja?" nikamuuliza.

"Deleva anasema halivuji. Lakini kila akitoka Mbeya anaomba oili nyingine. Tukaona tukuulize wewe, maana aliyelitengeneza ni mzee wako."

Nikacheka. Nakikumbuka kile kicheko kuliko mambo mengine yote ya siku ile.

"Mama, injini iliyopita mkononi mwa mzee haili oili. Kama halivuji, na oili inaisha, basi mwangalieni dereva."

Akanitazama. Alikuwa amekuja apate uhakika, na mimi nilimpa. Akanishukuru, "Ndaga, mwanangu," akafungua mwavuli wake akaondoka. Wiki ile ile kikundi kilikaa, kikasema dereva anakinga oili na kuiuza njiani, wakamnyang'anya funguo.

Niseme kidogo kuhusu mzee, maana bila kumjua yeye hutaelewa kwa nini nilisema nilivyosema. Baba yangu alifariki nikiwa na miaka ishirini, sina kazi wala kiwanja. Mzee alikuwa na gereji ya magari makubwa, akanichukua. Nilikaa nyumbani kwake Lupepo miaka sita. Nilikula mezani pake, nikavaa makoti yake ya zamani. Alinifundisha kusikiliza injini kwa bisibisi ndefu, ncha kwenye chuma na mpini sikioni, mpaka nikaweza kusema ni nozeli ya ngapi inagonga. Nilipooa, yeye ndiye aliyekaa kwenye kiti cha baba. Nilipotaka kufungua gereji yangu alinipa seti nzima ya spana akasema nisimrudishie. Watu walipokuwa wakisifia kazi yangu, nilikuwa nawajibu kwamba huu ni mkono wa mzee. Niliamini hivyo.

Dereva alikuja siku mbili baada ya kufukuzwa. Tulikuwa tukiimba naye kwaya moja kanisani, yeye besi, mimi tenori, kwa zaidi ya miaka kumi. Hakukaa. Alisimama mlangoni na kofia mkononi.

"Ulilifungua?" akaniuliza.

"Nini?"

"Lori. Ulilifungua ukaona, au ulisema tu?"

Nikaanza kumweleza habari za mkono wa mzee, kwamba injini mpya haiwezi, kwamba asinichukulie vibaya. Akanisikiliza mpaka nikamaliza.

"Kwa hiyo hukulifungua," akasema, akavaa kofia yake akaondoka. Jumapili iliyofuata hakuja kwenye kwaya. Nikasikia ameomba kibarua cha kuchuma chai shambani, mtu aliyeendesha malori tangu ujana wake. Nikajiambia kwamba mwizi akigundulika lazima aone haya.

Miezi minne mingine ikapita. Mama mwenyekiti akarudi, safari hii akiwa ndani ya lori lenyewe, pembeni ya dereva mpya. Lilipopanda kilima cha kuingia gerejini niliuona moshi kabla sijaliona lori vizuri. Ulikuwa wa bluu, mzito, unaning'inia juu ya migomba ya jirani bila kupeperuka.

Mama akashuka polepole. "Deleva mpya naye mwizi?" akaniuliza.

Nikamwambia aniachie lori.

Nilianza na yale mepesi, na nakiri nilikuwa naomba tatizo liwe huko. Niliosha injini yote, nikaikausha, nikatandika maboksi chini yake. Asubuhi maboksi yalikuwa makavu. Nikaijaza oili mpaka alama ya juu, nikapaka rangi nyeupe kwenye boliti ya kumwagia na kwenye kifuniko cha filta, ili mtu yeyote akigusa spana pale rangi ipasuke nione. Kisha nikapanda mwenyewe pamoja na dereva mpya, tukapakia ndizi, tukaenda Mbeya.

Njia ya kutoka Tukuyu kupita Kiwira hadi Isyonje ni kupanda tu, na injini ikibebeshwa mzigo mlimani haiwezi kukuficha kitu. Nilitoa kichwa dirishani nikatazama nyuma. Moshi wa bluu ulitoka mfululizo, na kila dereva alipokanyaga ndivyo ulivyozidi. Tulipovuka juu tukaanza kuteremkia Uyole, nikamwambia aachie mguu kabisa, gari lishuke kwa gia. Akashuka hivyo mwendo mrefu. Kule bondeni nikamwambia akanyage. Kama sili za vali zingekuwa zimechoka, oili ingekuwa imenyonywa wakati wa kuteremka, na pale pale alipokanyaga lingetoka wingu moja kubwa kisha moshi ukapungua. Wingu halikutoka. Ulirudi ule ule moshi wa mlimani.

Mbeya nilivuta stiki. Oili ilikuwa imeshuka. Boliti ya chini na kifuniko cha filta, rangi ilikuwa nzima, haina hata mkwaruzo. Nikasimama pale sokoni katikati ya wabeba ndizi, stiki mkononi, nikiwa najua tayari kwamba nilimsingizia mtu. Lakini bado nilikuwa namtetea mzee. Nilijiambia itakuwa tabo, ile feni inayosukuma hewa kwenye injini.

Tuliporudi nikafungua bomba la hewa linalotoka kwenye tabo. Lilikuwa kavu, na shafti yake niliishika kwa vidole nikaitikisa, haikucheza. Nikamwaga upepo wa matangi ya breki, kwa sababu kompresa ikichoka huwa inasukuma oili ya injini mpaka kwenye matangi. Yalitoa maji kidogo, safi. Nikafungua kifuniko cha kujazia oili injini ikiwa inanguruma: ikanipumulia usoni kama sufuria la maharage. Injini inayopumua hivyo, moto wa juu unapita pembeni ya pistoni na kushuka chini, na oili ya chini inapanda kwenda kuungua.

Nikatoa nozeli zote nne, nikafunga geji ya kompresheni, inayopima mgandamizo wa hewa, kwenye tundu moja baada ya jingine. Zote zilikuwa chini. Nikadondoshea oili kidogo sana kwenye kila silinda, nikapima tena. Zote zikapanda. Kama hitilafu ingekuwa kwenye vali, oili ile isingesaidia kitu. Ilisaidia kwa sababu iliziba nafasi kati ya ringi za pistoni na laina, yaani ukuta wa ndani wa silinda.

Ringi, basi. Ringi zenye miezi minane.

Nilitafuta njia ya mwisho ya kumwokoa mzee, nayo ilikuwa vumbi. Bomba la hewa likiwa na ufa baada ya filta, injini inavuta vumbi la barabara na kusaga ringi mpya kwa miezi michache. Nikachukua kitambaa cheupe, nikapangusa ndani ya bomba kuanzia filta hadi injini. Kilitoka cheupe. Sikumbuki kama niliwahi kusikitika namna ile kwa kuona kitu kisafi.

Nikampigia simu mama mwenyekiti, nikamwambia lazima nifungue.

"Fungua," akasema. "Nakuja kuona."

Alikuja na mama mwingine wa kikundi, wakakaa kwenye benchi karibu kabisa, kanga zimefunika mabega kwa baridi. Nilinyanyua silinda hedi. Gasketi yake ilikuwa mpya. Rangi ya nje ya injini ilikuwa mpya pia, ya kijivu, imepakwa vizuri. Nikaingiza kidole kwenye silinda ya kwanza, nikapandisha ukutani mpaka juu. Kidole kikagota. Palikuwa na ngazi.

Ngazi ile inajichimba pole pole, pale ringi ya juu inapokomea. Ringi inakula ukuta wa laina kila siku, na juu yake, mahali isipofika, ukuta unabaki kama ulivyotoka kiwandani. Inachukua miaka. Miezi minane haiwezi kuichimba. Nikapitisha kidole silinda ya pili, ya tatu, ya nne. Nikatoa pistoni moja, nikavua ringi yake ya juu, nikaiweka ndani ya laina na kutazama mwanya uliobaki kati ya ncha zake. Ungeweza kupitisha ukucha.

"Mama," nikasema, "hizi ni ringi na laina za zamani. Hazikubadilishwa."

"Lakini tulinunua mpya," akasema. "Wewe ndiye ulitupeleka dukani Mbeya."

Ilikuwa kweli. Mzee mwenyewe alikuwa ameniomba niwasindikize wasiuziwe spea mbovu. Nilichagua seti ile mimi: laina nne, pistoni nne, ringi zake zote. Nilipakata boksi njia nzima kutoka Mbeya mpaka Lupepo, nikamkabidhi mikononi. Alifungua boksi mbele yangu, akanusa zile karatasi zenye grisi, akasema, "Hizi ndizo."

Yule mama wa pili akauliza jambo kwa Kinyakyusa, taratibu, na mwenyekiti akamjibu kwa neno moja. Wote wawili walinitazama. Nilijua wanachojiuliza: kama mimi na mzee tulikuwa pamoja katika jambo hili. Wangekosaje kujiuliza? Mimi ndiye niliyechagua spea, mimi ndiye niliyezifikisha, na walipokuja kulalamika mimi ndiye niliyewaelekeza kwa dereva.

"Sikujua," nikasema.

Mama mwenyekiti hakusema ananiamini wala haniamini. Alisema, "Nenda kamuulize."

Nilikwenda Lupepo mchana ule ule, na pistoni moja imefungwa kwenye gazeti. Mzee alikuwa bustanini nyuma ya nyumba, anapunguza majani makavu ya migomba. Aliponiona alifurahi, akaita mkewe alete ndizi za kuchoma. Nikafungua gazeti nikaweka pistoni juu ya gogo.

Hakuigusa. Aliitazama kidogo tu, kama mtu anavyotazama picha yake.

"Umelifungua," akasema.

"Nimelifungua, baba."

"Sikutegemea."

Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima. Nilikuwa nimemwekea hata visingizio: labda alichanganya maboksi, labda vijana wa gereji walimwibia. Nilitaka achague kimoja niondoke nacho. Badala yake akafuta panga kwa jani, akaniambia ukweli kwa sauti ya kawaida, kama anayenieleza kazi.

"Lori langu la kubebea mbao lilikuwa limelala uani miezi kadhaa. Injini ni ile ile ya lao, unajua, nikazifunga spea zao humo. Lao lilikuwa bado linatembea, limechoka tu kidogo. Nikaona lingeweza kusogea mwaka mmoja, miwili. Nikapata gasketi, nikasafisha, nikapaka rangi. Ningekuja kulitengeneza baadaye."

"Wakaanza kulalamika oili."

"Nilijua watakuja kwako."

"Ukajua nitawaambia nini?"

Mkewe alitoka na sahani ya ndizi, akaona nyuso zetu, akaiweka kwenye kizingiti cha mlango na kurudi ndani.

"Nilijua hutafungua," mzee akasema. "Ukishajua ni kazi yangu, hutafungua."

Hapo ndipo iliponiuma. Spea zilikuwa mali ya wale akina mama, na kuziiba kulikuwa wizi wa kawaida, wa aina inayotokea gerejini kila siku. Lakini mapenzi yangu kwake aliyahesabu kama kifaa kingine cha kazi, akayafunga kwenye lori lile pamoja na gasketi na rangi ya kijivu. Miaka sita ya mezani pake, na kile kiti cha baba, vilikuwa vimefanya kazi ya kumfichia wizi, na mimi nilidhani ninatoa shukrani.

"Dereva amefukuzwa," nikamwambia. "Anachuma chai."

"Nilisikia."

"Ulisikia, ukanyamaza?"

"Na wewe ulimsema," akajibu. "Mimi sikutaja jina lake kwa mtu."

Alikuwa amesema kweli. Nikaifunga pistoni kwenye gazeti lake nikaondoka. Ndizi zilibaki mlangoni.

Kikundi kilikaa kwenye kibanda chao cha kupakilia mizigo Kisondela. Nilipanga ringi na laina juu ya meza, nikawaeleza kila hatua, na kila aliyetaka aliingiza kidole kwenye laina akaigusa ile ngazi. Mzee aliitwa, hakuja. Wazee wa kanisa walikwenda kwake mara mbili, na mara ya pili alikubali kununua seti nyingine. Aliileta mkewe, ameibeba kichwani, akaitua akaondoka bila kumsalimia mtu. Polisi hawakuitwa. Wapo waliotaka, lakini wengi walikuwa na ndugu wa mzee kwenye koo zao, na walichotaka ni lori litembee.

Mimi nilisimama mwisho nikasema kwamba dereva hakuiba, kwamba niliyemsingizia ni mimi, na kwamba nilisema bila kupima chochote. Nilisema kwa Kiswahili, kisha mama mwenyekiti akanitaka nirudie kwa Kinyakyusa ili bibi waliokaa nyuma wasikie. Kwa Kinyakyusa ilikuwa ngumu zaidi. Kwa lugha ya mama yangu sikupata maneno ya kujikinga.

Siku iliyofuata nikamfuata dereva shambani. Nilimngoja pembeni ya barabara mpaka alipofika kupima majani, kikapu mgongoni, vidole vimekuwa vyeusi kwa utomvu. Nilimwambia yote, pamoja na habari ya rangi nyeupe kwenye boliti.

"Kwa hiyo ilikuchukua safari moja tu kujua," akasema.

"Safari moja."

"Ningekuendesha hata siku ile. Ungesema tu, twende."

"Nisamehe."

Alitua kikapu chake kwenye mizani, akasubiri karani aandike, akanirudia.

"Mke wangu alikuwa anasikia watu dukani wanamcheka, wanamuuliza kama anauza oili ya kupikia au ya gari. Mwanangu alipigana shuleni. Kazini nitarudi, maana wameniita, na kazi naipenda. Kukusamehe nitakusamehe, siku yake ikifika. Lakini lori likiwa mkononi mwangu, wewe hutaligusa."

Nikamwomba kitu kimoja, kwamba anikubalie nifunge ile seti mpya, kwa kuwa injini ilikuwa imetawanyika gerejini kwangu, na kwamba awepo aone kila kipande kikiingia. Akafikiri, akakubali. Alikuja siku tatu mfululizo. Alikaa kwenye benchi walipokaa wale akina mama, mikono kwenye magoti, na kila laina nilimpa kwanza aishike ndipo niifunge. Hatukuzungumza isipokuwa mambo ya kazi. Alipouliza kwa nini napanga mianya ya ringi isilingane, nilimweleza kwamba ikilingana, moto unapata njia moja ya kushukia. Akaitikia kwa kichwa.

Siku ya tatu tuliiwasha. Ilitoa moshi mweupe kidogo wa kuanza, kisha ikawa safi. Akapanda, akalizungusha mpaka barabarani na kurudi, akazima, akavuta stiki mwenyewe, akaifuta kwenye suruali yake.

"Iko sawa," akasema.

Tangu hapo lori lile linafanyiwa huduma Kiwira, kwa fundi nisiyemfahamu. Linapita mbele ya gereji yangu mara tatu kwa wiki likiwa na ndizi, na dereva ananyanyua mkono kwenye usukani kama anavyomnyanyulia mtu yeyote wa barabarani. Kwenye kwaya amerudi. Anasimama mstari wa nyuma, mimi wa mbele, na wakati wa mazoezi anapitia mlango wa pembeni.

Kwa mzee sijaingia tena. Mke wangu huenda, hupeleka sukari, hukaa na mke wa mzee jikoni, na akirudi simuulizi wanazungumza nini. Lori la mbao la mzee lipo barabarani hadi leo na lina nguvu. Wiki iliyopita nililikuta likipanda kutoka mjini na mzigo mkubwa, nikasimama kando lipite, macho yangu kwenye ekzosi. Sikuona moshi. Nikaendelea na safari yangu kwenda dukani kununua filta.